Green Bay, Chicago, Pittsburgh au Cleveland: uchague timu gani kwa historia yake ya mwanzo?

Ukihamia Wisconsin, Illinois, Pennsylvania au Ohio, msimu wa kwanza wa baridi hautaisha kabla hujaulizwa wewe ni wa timu gani. Mtoto ataulizwa shuleni, wewe utaulizwa kazini, na ukijibu kwamba unapenda soka, ile ya miguu, watakuonea huruma kisha watauliza tena. Aliyebaki Mwanza au Mombasa akaanza kuitazama futiboli ya Kimarekani kwenye simu naye ana swali hilohilo: NFL, ligi kuu ya mchezo huo, ina timu 32, aanzie wapi?

Wengi huchagua inayoshinda mwaka huo. Si dhambi. Tatizo ni kwamba katika mchezo huu wachezaji hawadumu, makocha hufukuzwa bila huruma, na baada ya misimu mitatu unajikuta na jezi ya mtu aliyeshahamia kwa mtani. Ushauri wangu ni kuanza na miaka ya mwanzo ya timu. Enzi hizo hakukuwa na pesa za televisheni. Klabu iliishi kwa mapato ya mlangoni, na mvua ikinyesha Jumapili mbili mfululizo iliweza kufa. Njia ambayo kila klabu ilipita ili isife ndiyo iliyoamua nani anaimiliki leo, kama iliwahi kuhama, na hata tabia ya mashabiki wake.

Nimechukua nne: Green Bay Packers, Chicago Bears, Pittsburgh Steelers na Cleveland Browns. Zote zilianza kucheza kati ya 1919 na 1946, zote ni za ukanda mmoja, kuanzia Ziwa Michigan hadi Mto Ohio, na kila moja ilipata pesa kwa njia yake. Atakayeuliza kwa nini nimewaacha Cardinals, ambao chimbuko lao mjini Chicago ni la 1898 na ni wakongwe kuliko hawa wote, jibu ni kwamba walihamia St. Louis mwaka 1960, kisha Arizona mwaka 1988. Hapa tunazungumzia timu na jiji lake.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni pesa: nani alitoa, nani alimiliki. Cha pili ni uwanjani: walishinda nini na walibadilisha nini katika mchezo wenyewe. Cha tatu ni nani aliruhusiwa kuvaa jezi, maana kati ya 1934 na 1945 hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyecheza NFL, na kila klabu ina hesabu yake ya kutoa kuhusu miaka hiyo. Cha nne ni kilichobaki: mambo ya mwanzo ambayo shabiki wa leo bado anayaona kwa macho.

Sikuweka idadi ya mataji kuwa kigezo cha peke yake, kwa sababu mataji ya zamani hayapimiki kwa mizani moja. Kabla ya 1933 ligi haikuwa na fainali ya kila mwaka. Bingwa alipatikana kwa msimamo, na timu hazikucheza idadi sawa ya mechi. Cleveland nao walitwaa mataji yao manne ya kwanza katika ligi nyingine kabisa. Kuyajumlisha hayo yote na kutangaza mshindi ni kujidanganya.

Jambo moja la usuli kabla hatujaingia ndani. Tarehe 17 Septemba 1920, wawakilishi wa klabu kadhaa walikutana Canton, Ohio, katika duka la magari la Ralph Hay, mmiliki wa Canton Bulldogs. Viti havikutosha, baadhi wakakaa kwenye vikanyagio vya magari. Wakaanzisha chama ambacho mwaka 1922 kilibadilishwa jina na kuwa NFL, wakamchagua Jim Thorpe, nyota wa mchezo huo, awe rais, wakapanga ada ya kujiunga ya dola 100. Kati ya klabu zote zilizocheza msimu huo wa 1920, zilizo hai leo ni mbili tu: Bears na Cardinals. Nyingine zilizikwa na madeni.

Green Bay Packers

*Pesa.* Hapa ndipo penye hadithi nzito kuliko zote nne, na nitakaa kidogo.

Mwaka 1919 kijana anayeitwa Earl Lambeau, maarufu kwa jina la Curly, alikuwa karani katika kampuni ya kusindika nyama, Indian Packing Company. Akiwa na mwandishi wa habari za michezo George Calhoun, aliitisha mkutano wa vijana kwenye chumba cha habari cha gazeti la Green Bay Press-Gazette tarehe 11 Agosti. Kampuni ikatoa dola 500 za jezi na vifaa, na jina la timu likatokana na kazi ya kiwanda hicho: Packers, wasindikaji. Msimu wa kwanza walishinda mechi 10 na kufungwa moja, dhidi ya timu za miji ya jirani.

Waliingia ligi kuu mwaka 1921, na mwisho wa msimu wakanyang'anywa nafasi yao kwa kosa la kuchezesha wanafunzi wa chuo kikuu kwa majina ya bandia. Mchezo huo wa majina ya bandia ulichezwa na klabu nyingi, wao walikamatwa. Lambeau alirudi kuinunua nafasi hiyo mwaka 1922, na hapo mvua ikaanza. Klabu ilikuwa imekata bima ya mvua. Siku moja ikanyesha, watu hawakuja, na kampuni ya bima ikakataa kulipa kwa kuwa maji yaliyopimwa yalipungua kiwango cha mkataba kwa sehemu moja ya mia ya inchi. Ilipofika mechi ya mwisho na mvua ikarudi, Lambeau alitaka kuahirisha. Andrew Turnbull wa Press-Gazette akamwambia acheze, wafanyabiashara wa mji watambeba.

Wakambeba kweli. Mwaka 1923 klabu iligeuzwa kuwa kampuni isiyo ya faida, hisa zikauzwa kwa dola 5 moja. Katiba yake ilikuwa na kipengele kimoja kilichoamua kila kitu baadaye: klabu ikiuzwa, pesa zisiende kwa wanahisa bali kwa chama cha wanajeshi wastaafu wa mji, wajengee mnara wa kumbukumbu ya askari. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunufaika kwa kuiuza. Siku hizi pesa hizo zingeenda kwenye mfuko wa hisani wa klabu, lakini mantiki ni ileile.

Haikuwa mteremko. Shabiki mmoja alianguka kutoka jukwaani, akashtaki na kushinda, na bima ya klabu ilikuwa imefilisika. Packers wakawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Mwaka 1935 mji ukachangishwa tena, zikapatikana dola 15,000. Mwaka 1950, nyumba ya mazoezi ya Rockwood Lodge iliyonunuliwa kwa bei iliyowakera wakurugenzi ilipoungua moto, na Lambeau mwenyewe alipoondoka siku chache baadaye, hisa zikauzwa mara ya tatu na kuleta zaidi ya dola 118,000.

*Uwanjani.* Mataji sita chini ya Lambeau: 1929, 1930 na 1931 mfululizo, kisha 1936, 1939 na 1944. Alipenda kurusha mpira wakati wengine wakiona urushaji ni uzembe, na mwaka 1935 akampata Don Hutson, mdakaji kutoka Alabama. Mpira wa kwanza Hutson alioudaka katika mechi yake ya kwanza kuanza, dhidi ya Bears, ulizaa bao la yadi 83 na ushindi wa 7 kwa 0. Alistaafu mwaka 1945 akiwa amedaka mabao 99, rekodi iliyodumu hadi 1989.

*Nani aliruhusiwa.* Hapa Green Bay haina cha kujisifia katika miaka yake ya mwanzo. Mchezaji mweusi wa kwanza anayetambuliwa kuichezea katika mechi ya ligi ni Bob Mann, aliyesajiliwa mwishoni mwa 1950, Lambeau akiwa ameshaondoka. Mabadiliko ya kweli yalikuja na kocha Vince Lombardi kuanzia 1959, ambaye aliwaambia wenye hoteli na mikahawa ya mji kwamba atakayembagua mchezaji mmoja ameikosa timu nzima.

*Kilichobaki.* Karibu kila kitu. Mji bado una watu takriban laki moja tu, na klabu bado haina mmiliki mmoja. Wanahisa sasa ni zaidi ya nusu milioni. Usidhani hisa hizo ni biashara: hazina gawio, huwezi kuziuza kwa faida, na hazikupi hata nafasi ya mbele kwenye foleni ya tiketi. Unachopata ni kura ya kuchagua wakurugenzi na cheti cha kutundika ukutani. Wanachama wa Simba na Yanga waliowahi kubishana kuhusu mwekezaji na asilimia zake wataelewa haraka kwa nini watu wa Green Bay wanalilinda jambo hili kama mboni ya jicho.

*Inamfaa nani.* Anayeamini klabu ni mali ya watu, na asiyejali kuambiwa kwamba mji wenyewe ni mdogo na baridi yake haina adabu.

Chicago Bears

*Pesa.* Bears walizaliwa kiwandani pia, lakini mwisho wake ukawa tofauti kabisa. A. E. Staley alikuwa na kiwanda cha wanga wa mahindi huko Decatur, Illinois, na alitaka timu ya kukitangaza. Mwaka 1920 akamwajiri George Halas aiendeshe. Halas akapata haki ya kuajiri wachezaji kama wafanyakazi na kuwafanyisha mazoezi ndani ya saa za kazi. Ndiye aliyewakilisha timu hiyo, Decatur Staleys, kwenye kikao cha Canton.

Mwaka mmoja baadaye biashara iliyumba. Staley alimpa Halas dola 5,000 na kumwambia aihamishie timu Chicago, sharti likiwa waendelee kuitwa Staleys msimu mmoja zaidi. Halas akaenda, akaingia ubia na mchezaji mwenzake Ed Sternaman, wakapanga uwanja wa besiboli wa Cubs kwa asilimia 15 ya mapato ya mlangoni. Mwaka 1922, kwa kuwa wenye uwanja walikuwa Cubs, yaani watoto wa dubu, wao wakajiita Bears, dubu wenyewe. Kuanzia hapo ni hadithi ya mtu mmoja aliyekuwa mmiliki, kocha, mchezaji na muuza tiketi kwa pamoja. Miaka ya mdororo wa uchumi ilipomkuta Sternaman hana hali, Halas alimnunua kwa takriban dola 38,000, pesa alizozikusanya kwa shida hadi dakika ya mwisho.

*Uwanjani.* Bingwa wa 1921, kisha 1932, 1933, 1940, 1941, 1943 na 1946. Lakini mambo matatu yana uzito kuliko mataji hayo.

La kwanza ni Red Grange. Huyu alikuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Illinois, na wakati huo futiboli ya chuo ilikuwa na heshima kubwa kuliko ya kulipwa, ambayo wengi waliiona ya wahuni. Novemba 1925 alicheza mechi yake ya mwisho ya chuo na papo hapo akasaini Bears. Siku chache baadaye watu 36,000 walijaa uwanjani kumwona akicheza dhidi ya Cardinals. Mechi iliisha bila bao na hakuna aliyedai kiingilio chake. Mapema Desemba, New York, umati ulikaribia 70,000, na mapato ya siku hiyo yaliwaokoa Giants waliokuwa wakizama kwenye madeni. Nikiulizwa ni lini futiboli ya kulipwa iliacha kuwa mchezo wa pembeni, nitaitaja ziara hiyo.

La pili ni Desemba 1932. Bears na Portsmouth Spartans walilingana kileleni, ikapangwa mechi ya kuamua. Theluji na baridi vikazidi, mechi ikaingizwa ndani ya ukumbi wa Chicago Stadium, kwenye kiwanja cha yadi 80 badala ya 100. Bears wakashinda 9 kwa 0. Kwa kuwa kuta zilikuwa karibu mno, ilibidi mpira usogezwe ndani kila ulipotoka pembeni. Kanuni hiyo ya dharura ilipendwa, na mwaka uliofuata ligi iliirasimisha, ikaruhusu mpira urushwe kutoka popote nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, ikaanzisha na fainali ya kila mwaka. Fainali ya kwanza, 1933, Bears waliwafunga Giants 23 kwa 21.

La tatu ni ile 73 kwa 0. Desemba 1940 Washington walikuwa wamewafunga Bears 7 kwa 3 wiki tatu tu nyuma, na mmiliki wao akawaita Bears walialia. Katika fainali, Halas alitumia mpangilio wa herufi T, mtupaji (quarterback, anayerusha mpira) akisimama mgongoni mwa mchezaji wa kati na wakimbiaji nyuma yake, huku Sid Luckman akiuongoza. Hakuna kichapo kikubwa zaidi katika historia ya ligi. Baada ya hapo karibu kila timu ilijifunza herufi T.

*Nani aliruhusiwa.* Halas alikuwa miongoni mwa wamiliki wenye sauti kubwa katika miaka ya ubaguzi, na timu yake ilisubiri hadi 1952 kumchezesha mweusi. Mwaka 1953 Bears walimwingiza Willie Thrower nafasi ya mtupaji, wa kwanza mweusi katika nafasi hiyo katika zama mpya za ligi, lakini alicheza kidogo mno.

*Kilichobaki.* Familia. Halas alifundisha kwa misimu 40, alikufa mwaka 1983, na ukoo wake bado unaimiliki klabu. Uwanja wa Cubs waliuacha baada ya msimu wa 1970 na kuingia Soldier Field. Utani wao na Green Bay ulioanza 1921 ungalipo, ingawa utani huu una undugu ndani yake: mwaka 1956 wakazi wa Green Bay walipokuwa wakipigia kura ujenzi wa uwanja mpya, Halas alisafiri hadi kule kuwashawishi wapige kura ya ndiyo. Uwanja ulipofunguliwa 1957, Packers wakamshukuru kwa kumfunga 21 kwa 17.

*Inamfaa nani.* Anayependa kujua ligi yenyewe ilijengwaje. Ukimsoma Halas umeisoma NFL.

Pittsburgh Steelers

*Pesa.* Jiji hili lilimlipa mchezaji kabla ya mengine kwa ushahidi wa maandishi. Tarehe 12 Novemba 1892, klabu ya Allegheny Athletic Association ilimlipa William Heffelfinger dola 500 kwa mechi moja dhidi ya Pittsburgh Athletic Club. Ila timu ya ligi haikuja hadi 1933, na sababu ni sheria. Pennsylvania ilikataza michezo ya kulipia siku ya Jumapili, na NFL ilicheza Jumapili. Ilipojulikana kwamba sheria inakaribia kulegezwa, Art Rooney, mtu wa siasa za mitaani na mcheza kamari wa farasi aliyejua kazi yake, alilipa ada ya dola 2,500. Mechi ya kwanza ilibidi ichezwe Jumatano, na Giants wakashinda 23 kwa 2.

Mwaka 1940 jina la Pirates lilibadilishwa kuwa Steelers, kwa heshima ya chuma cha jiji. Mwisho wa mwaka huohuo Rooney aliiuza timu, akanunua nusu ya Philadelphia Eagles, kisha miezi michache baadaye wakabadilishana miji na mnunuzi, Rooney akarudi nyumbani. Mtu akikwambia historia ya Steelers ni mstari mmoja ulionyooka, hajaisoma.

*Uwanjani.* Kwa miaka mingi waliburuza mkia. Mwaka 1938 walimlipa Byron White dola 15,800, mshahara usiosikika wakati huo. Aliongoza ligi kwa kukimbia na mpira, timu ikashinda mechi mbili tu, naye akaenda kusoma Oxford na baadaye akawa jaji wa Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Msimu wa kwanza wenye ushindi mwingi kuliko vipigo ulikuwa 1942. Vita vilipomaliza wachezaji, 1943 waliungana na Eagles, na 1944 na Cardinals, wakafungwa mechi zote kumi. Mwaka 1955 walimtema Johnny Unitas bila kumchezesha, na Unitas akaenda kuwa mmoja wa watupaji bora wa karne. Taji la kwanza lilikuja Januari 1975.

*Nani aliruhusiwa.* Ray Kemp alikuwamo kwenye kikosi cha 1933, mmoja wa weusi wawili wa mwisho kabla mlango haujafungwa. Mwaka uliofuata hakuwapo tena. Steelers hawakuwa na mwingine hadi 1952. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960 klabu ilimchukua Bill Nunn, mwandishi wa gazeti la weusi la Pittsburgh Courier aliyewajua wachezaji wa vyuo vya weusi kuliko mtu yeyote. Mel Blount, L. C. Greenwood na John Stallworth walitoka vyuo hivyo. Mataji manne ya miaka ya 1970 hayaelezeki bila kalamu ya Nunn.

*Kilichobaki.* Rooney bado ni Rooney, yaani familia ileile ndiyo inayoimiliki, na kutofukuza makocha ovyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira ya kweli. Pia anayevutiwa na jiji la wafanyakazi kuliko orodha ya vikombe.

Cleveland Browns

*Pesa.* Cleveland ilikuwa na timu kabla yao. Rams walitwaa ubingwa wa NFL 1945, na mwezi uliofuata mmiliki wao akatangaza kuhamia Los Angeles. Sababu moja ilikuwa kwamba Arthur McBride, tajiri mwenye kampuni za teksi, alikuwa ameshaandaa timu ya ligi mpya iliyoanza 1946, na alikuwa amempata Paul Brown, kocha aliyeabudiwa Ohio nzima tangu alipofundisha shule ya Massillon na chuo kikuu cha Ohio State. Jina la timu likatoka kwake. Wachezaji wa ziada wasiokuwa na nafasi kikosini, McBride aliwaandika kwenye orodha ya mishahara ya teksi zake ili wasiende kwa wapinzani.

*Uwanjani.* Hakuna mwanzo uliowahi kufanana na huu. Mechi ya kwanza ya ligi, watu 60,135, ushindi wa 44 kwa 0 dhidi ya Miami Seahawks. Walichukua mataji yote manne ya ligi ile, 1946 hadi 1949, na msimu wa 1948 hawakupoteza mechi wala kutoa sare. NFL waliwadharau. Mwaka 1950 Browns walipokelewa NFL na kupangiwa kuanza na mabingwa, Philadelphia, ugenini. Wakashinda 35 kwa 10. Mwisho wa msimu wakatwaa ubingwa kwa kuwafunga Rams walewale waliolikimbia jiji, 30 kwa 28, kwa teke la Lou Groza zikiwa zimebaki sekunde 28. Miaka kumi ya kwanza, fainali kumi, mataji saba.

Paul Brown alileta darasa kwenye mchezo wa mabavu: wachezaji waliandika madaftari, walifanya mitihani, walitazama mikanda ya mechi, na makocha wasaidizi waliajiriwa mwaka mzima. Kila timu ya leo inaendeshwa hivyo.

*Nani aliruhusiwa.* Kwa kigezo hiki Cleveland iko mbele. Agosti 1946 Brown aliwachukua Bill Willis, aliyemfundisha Ohio State, na Marion Motley, aliyekuwa naye kwenye timu ya jeshi la majini, miezi kadhaa kabla Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ukuta wa ubaguzi katika besiboli, hajacheza ligi kuu ya mchezo huo. Rams wa Los Angeles nao waliwasajili Kenny Washington na Woody Strode mwaka huohuo, kwa shinikizo la wenye uwanja. Brown hakushinikizwa. Willis na Motley walipigwa, walikanyagwa vidole, na timu ilipokwenda Miami Desemba walibaki nyumbani kwa sababu ya vitisho. Wote wawili wamo katika ukumbi wa magwiji wa Canton.

*Kilichobaki.* Hapa pana uchungu. McBride aliuza mwaka 1953, na mwaka 1961 Art Modell akanunua. Januari 1963 akamfukuza Paul Brown. Taji la mwisho ni la 1964. Mwaka 1996 Modell aliihamishia timu Baltimore. Mashabiki na jiji walipigana hadi wakapata jambo la nadra: jina, rangi na kumbukumbu zote zilibaki Cleveland, na timu ikarudi 1999 kama kwamba ilikuwa likizo. Hawajawahi kufika Super Bowl, fainali ya NFL ya siku hizi.

*Inamfaa nani.* Anayetaka mwanzo wenye maana ya kijamii na yuko tayari kuvumilia ya sasa.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama unaishi katika moja ya majimbo haya na una watoto, chagua timu ya unapoishi, tafadhali. Mtoto hawezi kubeba Green Bay katika shule ya Chicago kwa sababu baba alisoma makala. Walioko Ohio wana faida ya ziada: ukumbi wa magwiji uko Canton, ulifunguliwa 1963, na mwendo wake kutoka Cleveland ni saa moja tu na ushee kwa gari.

Kama uko mbali na hufungwi na jiji lolote, jiulize ni kitu gani kinachokuudhi katika michezo ya kulipwa. Anayechukizwa na matajiri wanaonunua na kuhamisha klabu atapumua Green Bay, lakini ajue kwamba mfumo ule hauwezi kuigwa: NFL hairuhusu tena klabu nyingine kumilikiwa hivyo, na Green Bay wenyewe wanasalimika kwa sababu tangu miaka ya 1960 pesa za televisheni hugawanywa sawa kwa timu zote. Anayechukizwa na umiliki usio na sura, yaani kampuni ndani ya kampuni, aangalie Chicago na Pittsburgh. Kati ya hizo mbili, Chicago ina mwanzo wa ushindi na Pittsburgh ina mwanzo wa vipigo. Ukiwa umekulia na timu inayofungwa kila wiki, wa pili watakukaa moyoni haraka.

Kama unachotafuta ni kusoma zaidi ya kushabikia, mpangilio wangu ungekuwa Chicago kwanza kwa ajili ya ligi, Cleveland pili kwa ajili ya mbinu na suala la rangi, kisha Green Bay kwa ajili ya katiba ya 1923, ambayo ningependa kila kiongozi wa klabu ya wanachama aisome. Pittsburgh waweza kuiacha mwisho bila hasara, ila usiruke sehemu ya Bill Nunn.

Na kama mwenzi wako tayari ana timu miongoni mwa hizi, mechi za Bears na Packers ni mbili kwa mwaka, hivyo amueni mapema nani atakaa upande gani wa kochi.